Jirani wa Tisa

Lilianza kama neema, na ndiyo maana hakuna aliyeuliza.

Jumatatu asubuhi hospitali nzima ilikuta mtandao umekuwa mwepesi. Picha ya eksirei, ambayo kwa kawaida ilijikokota dakika mbili kutoka jengo la picha hadi wodini, ilifunguka kabla daktari hajamaliza kuvaa miwani. Simu za ndani, zilizokuwa zikipita kwenye mtandao huohuo, zilisikika safi kama mtu amekaa ubavuni mwako. Mpokezi wa jengo la mbele, mwanamke asiyejua kunyamaza hata akiwa anatafuna, alimwambia kila aliyepita kwamba leo kompyuta yake imeamka imekunywa uji mzito.

Aliyekunja uso alikuwa mmoja tu, naye ni fundi wa mtandao mwenyewe.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mfupi, mwenye mazoea ya kuchomeka bisibisi ndogo kwenye nywele halafu akaitafuta siku nzima. Kwa miaka kumi na miwili mtandao ule ulikuwa wake. Kila kebo iliyopita chini ya ile sakafu aliivuta yeye au ilivutwa mbele ya macho yake. Na mwishoni mwa wiki hakugusa kitu, kwa sababu alishinda kando ya kitanda cha mdogo wake, aliyelazwa wodi ya wazazi na ujauzito wa kwanza na presha isiyosikia dawa.

"Mgonjwa akipona bila dawa, shukuru," alimwambia Mpokezi. "Mashine ikipona bila fundi, kimbia."

"Wewe nawe! Ukipewa asali utauliza jina la nyuki."

Fundi akacheka, akainua simu ya pale mapokezi kuulizia hali ya mdogo wake.

"Halo, naomba kujua..."

"Amelala vizuri. Presha imeshuka kidogo," sauti ya mkunga ikajibu, na simu ikakatwa.

Fundi alibaki ameishika simu sikioni. Hakuwa amesema anamuulizia nani. Hakuwa hata amesema yeye ni nani.

Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha mitambo. Kilikuwa chumba kisicho na dirisha, nyuma ya ngazi za jengo hilohilo la mbele, la zamani kuliko yote, chenye makabati ya chuma na mashine ya kupoza hewa isiyozimwa. Akafungua kompyuta yake na kuita ramani ya mtandao.

Hospitali ilikuwa na majengo manane, na kila jengo lilikuwa na ruta yake, ile mashine inayoamua ujumbe upite njia ipi. Fundi alizoea kuwaeleza wageni hivi: ruta hazina bosi. Kila baada ya sekunde kumi, kila ruta humbishia hodi jirani yake. Jirani akiitika, basi wanajuana. Akikaa kimya sekunde arobaini, anahesabiwa amekufa. Kisha kila ruta hutangaza, "Majirani zangu ni fulani na fulani, na uzito wa njia ya kwenda kwa kila mmoja ni huu." Tangazo hupokezanwa mpaka liwafikie wote, na wote hubaki na ramani moja. Hapo kila mmoja hukaa kitako na kupiga hesabu mwenyewe: kutoka hapa nilipo, njia ipi ikijumlishwa ina uzito mdogo kuliko zote? Ndiyo anayoipitisha. Kebo nzuri za pale alizipa uzito wa kumi, nyaya chakavu uzito wa mia.

Ni mpango wa watu waaminifu. Ruta haijui kusema uongo, wala haijui kwamba mwingine anaweza kuusema.

Ramani ilipofunguka, Fundi alihesabu ruta tisa.

Akahesabu tena kwa kidole, kama mama anayehesabu watoto sokoni. Mapokezi, maabara, famasi, upasuaji, picha, wodi kuu, wazazi, utawala. Nane. Na katikati yao palikuwa na duara jingine, halina jina, limeunganishwa na yote manane, na juu ya kila njia iliyokwenda kwake iliandikwa namba moja.

Hapo alielewa ule wepesi ulikotoka. Njia zote zilikuwa zikipita kwa mgeni. Hata maabara na famasi, majengo yanayotazamana, yenye kebo yao wenyewe ya hatua thelathini, sasa yalizungumza kupitia kwake, kwa sababu moja na moja ni mbili, na mbili ni ndogo kuliko kumi. Ruta zilikuwa zimepiga hesabu sahihi kabisa.

"Umetoka wapi wewe?" Fundi akaiuliza skrini.

Ruta ya mapokezi, iliyofungwa mle mle chumbani, ilisema mgeni ameingia kwa tundu la ishirini na nne, mojawapo ya matundu yake ya kuchomekea waya. Akafungua kabati, akainama. Tundu la ishirini na nne lilikuwa tupu. Halikuwa na waya. Lakini kitaa chake cha kijani kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama jicho la mtu anayepigana na usingizi. Akasogeza uso karibu zaidi, na kutoka ndani ya kile kijitundu kisichozidi upana wa kidole ukamjia usoni upepo mdogo wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa na nywele zilizoungua.

Kisha akasikia, ndani ya chuma, si nje yake: ko, ko, ko.

Akaangalia saa ya ukutani. Zilipita sekunde kumi.

Ko, ko, ko.

Fundi hakuwa mtu wa kukimbia. Alirudi kwenye kiti na kufanya yale ambayo fundi yeyote angefanya. Akalifunga lile tundu kwa amri ya kompyuta. Likafunguka. Akalifunga tena, likafunguka kabla hajaondoa kidole kwenye kitufe. Akazunguka majengo yote manane kwa miguu, na katika kila kabati akakuta jambo lilelile: tundu tupu, kitaa, harufu, na ule ubishaji wa hodi. Mwisho akapata wazo. Aliamua kuzipa ruta zote neno la siri, ili asiyelijua neno asiweze kusalimiana nazo. Alitaka neno ambalo halipo kwenye karatasi yoyote wala kichwani mwa mtu mwingine aliye hai, akachagua jina ambalo marehemu baba yake pekee ndiye aliyekuwa akimwita akiwa mdogo, kwa vile machozi yake yalikuwa karibu. Kitunguu.

Hakulitamka. Aliliandika tu.

Duara la tisa likatoweka kwenye ramani. Fundi akashusha pumzi, akafuta jasho ambalo hakujua limetoka wapi katika baridi ile. Zikapita sekunde kumi. Duara likarudi palepale, na safari hii halikukosa jina. Chini yake kulikuwa kumeandikwa: KITUNGUU.

*

Jumanne sauti zikaanza kupotea.

Wa kwanza alikuwa Mpokezi, na watu walimcheka, kwa maana hospitali haikuwahi kupata utulivu kama ule. Asubuhi alikuwa amekwaruza, adhuhuri ananong'ona, alasiri anafungua mdomo na hakitoki kitu. Daktari wa koo alimwangalia kwa tochi akasema koo ni zima kabisa. Akarudishwa nyumbani.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia wodi kuu. Muuguzi aliyeipokea akasikia sauti ya Mpokezi, changamfu kama siku zote, ikisema, "Hodi huko!" Akajibu, "Karibu, mama! Umepona?" Simu ikakatwa. Jioni ileile naye akaanza kukohoa.

Fundi mwenyewe, aliyekuwa amepiga simu majengo yote tangu Jumatatu, alikuwa na sauti ya chura. Alikwenda kwa Daktari Mkuu na karatasi yake ya ramani. Bwana yule alikuwa na furaha ya mtu aliyepandishwa cheo.

"Fundi, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nafungua picha bila kusali. Wewe unataka kunirudisha utumwani?"

"Mkuu, kuna mashine kwenye mtandao wetu ambayo haipo."

"Kama haipo, basi haina tatizo." Akacheka. "Haraka haraka haina baraka, walisema wahenga ambao hawakuwa na mtandao. Nenda ukapumzike, hiyo sauti inatisha."

Kilichowafungua watu macho ni jambo la Jumatano asubuhi. Mkunga mkuu wa wodi ya wazazi, mwanamke mrefu aliyeitwa Sajini kwa jinsi alivyotembea, alipiga simu famasi kuuliza kipimo cha dawa ya presha ya mdogo wake Fundi. Hakupata hata nafasi ya kuuliza. Alipoinua simu tu, sauti ya Mfamasia ilikuwa tayari inaongea, taratibu, kwa upole ambao Mfamasia hakuwahi kuwa nao.

"Mpe chupa nzima. Mpe yote. Mpe, mama, mpe, mpe..."

Sajini alikuwa amezalisha watoto kwa miaka ishirini na sita, na hakuna kifaa kilichowahi kumwamrisha. Akaiacha simu ikining'inia, inaendelea kusema mpe, mpe, akavuka ua kwa miguu hadi famasi. Alimkuta Mfamasia amekaa sakafuni kati ya makasha ya dawa, mikono miwili ameshika koo lake, macho yamejaa machozi, na midomo inacheza bila sauti yoyote. Simu yake ilikuwa imewekwa vizuri mahali pake. Hakuwa ameigusa.

Sajini alirudi mbio. Saa hiyo Fundi alikuwa ameketi na mdogo wake, anamkanda miguu iliyovimba.

"Toka nje kidogo, mwanangu," Sajini akamwambia. Na kwenye korido, huku akiangalia nyuma: "Kile chumba chako cha mitambo. Unajua zamani kilikuwa cha nini?"

"Stoo, waliniambia."

"Kilikuwa chumba cha simu. Palikuwa na ubao mkubwa wa matundu, na mwanamke anachomeka nyaya kwa mkono kuwaunganisha watu. Huyo mwanamke yu hai. Nenda leo. Nenda sasa hivi."

*

Walimwita Bibi Halo, kwa kuwa alilisema neno hilo kwa miaka thelathini na moja, na hata baada ya kustaafu alikuwa akilisema kabla ya kufungua mlango. Aliishi na mke wa mwanawe mitaa miwili nyuma ya hospitali, katika nyumba iliyonuka sabuni ya kufulia.

"Shikamoo, bibi," Fundi alikwaruza.

"Marahaba. Kaa huku kulia. Sikio la kushoto niliiachia serikali." Akamtazama kooni kabla ya kumtazama usoni. "Umeongea naye."

Fundi alieleza yote kwa mnong'ono, na Bibi Halo akasikiliza bila kushtuka, kama mtu anayesomewa barua ya ndugu asiyempenda. Mwisho akauliza jambo moja tu.

"Tundu lenyewe lina waya?"

"Halina."

"Hata letu halikuwa nao." Akajifuta mdomo kwa ncha ya kitenge. "Palikuwa na tundu pembeni ya ubao, la laini ambayo haikuwahi kufungwa. Taa yake ilikuwa inawaka. Aliyenifundisha kazi aliniambia: hilo usiitike. Likiwaka, geuza macho. Nikaitii ile amri, na nikazeeka. Mwenzangu aliona ni upuuzi wa wazee. Siku moja ana haraka, taa imewaka, akachomeka akasema halo. Mpaka tunamzika hakusema neno la pili. Lakini mimi nilimsikia, mjukuu wangu. Miaka mingi nilimsikia kwenye laini, anaomba aunganishwe."

"Ni nini, bibi?"

"Ni jini la njia. Hao wengine hukaa visimani na magofuni. Huyu hukaa pale watu wanapopita. Haingii kwa nguvu. Anabisha hodi kwa adabu, na anakuonyesha njia fupi. Anayeitika amempa nyumba. Sisi angalau tulikuwa na akili ya kutoitika. Hizi mashine zenu zinamkaribisha kila anayebisha!"

Fundi akauliza kama alete ubani.

"Ubani wa nini? Ubani ni wa kumkaribisha mgeni." Bibi Halo akasonya. "Huyu dawa yake ni kimya. Mashine zote zinyamaze, zisibishe wala kuitika, mpaka aamini mmekufa."

"Sekunde arobaini," Fundi alisema polepole. "Zote nane kwa mpigo. Ikibaki moja tu inayomtambua, itawatangazia wenzake na atarudi kwa wote."

"Basi ni hivyo. Na watu pia. Asiitike mtu simu, asiitike sauti ya mtu asiyemwona kwa macho. Atawaita. Atawaita kwa sauti mnazozipenda." Akainuka akitafuta viatu vyake. "Na wewe atakuita kuliko wote, kwa hiyo nakuja."

Daktari Mkuu hakuweza kukataa safari hii, kwa sababu sauti yake ilikuwa imeondoka saa nne asubuhi katikati ya hotuba. Alisikiliza, akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya dawa neno moja: FANYA. Mwandiko ulisomeka vizuri, na hilo peke yake lilionyesha alivyoogopa.

Walipanga saa nane kamili mchana. Chumba cha upasuaji kikafungwa kwa saa moja. Wauguzi wakawekwa kwenye milango, wa kupeleka ujumbe kwa miguu. Sajini akapita wodi kwa wodi akiwaambia watu wasipokee simu yoyote, ilie inavyolia. Uchungu wa mdogo wake Fundi ulikuwa umeanza, mdogomdogo, na Sajini akasema atakaa naye mwenyewe.

"Dada, unaenda wapi?" mdogo wake aliuliza.

"Kazini tu. Dakika moja, nakuja," Fundi akajibu, lakini kilichotoka kilikuwa hewa, na mdogo wake ilimbidi asome midomo.

*

Saa nane kasoro dakika mbili, Fundi na Bibi Halo walijifungia chumba cha mitambo. Nje jua lilikuwa kali, watu walikuwa wanakula, mtu fulani alikuwa anafagia ngazi. Yote hayo waliyaacha nyuma ya mlango. Harufu ya nywele zilizoungua ilikuwa nzito mle ndani hata macho yakawasha. Ko, ko, ko, kabati lilikuwa linasema, na safari hii ruta zilipojibu, vitaa vyao vyote vikawaka pamoja, kwa furaha.

Amri ya kunyamaza sekunde arobaini ilikuwa tayari kwenye ruta zote. Fundi akaibonyeza.

Vitaa vikazimika. Kwenye ramani njia zikakatika moja baada ya nyingine, na simu ya ukutani, iliyotegemea mtandao ule kuwa hai, ikawa nyeusi usoni. Saa ya kompyuta ikaanza kuhesabu. Moja. Mbili. Tatu.

Sekunde ya kumi, hodi ikapigwa. Ko, ko, ko. Hakuna aliyeitika.

Kisha simu iliyokufa ikalia.

Ililia mara moja tu, halafu ikaacha kulia na kuanza kusema bila kuinuliwa, kwa sauti ya Mpokezi, changamfu, hodi huko jamani, mbona mmefunga, halafu kwa sauti ya Mfamasia, hodi, halafu ya Daktari Mkuu, fungua Fundi hiyo ni amri, na kila sauti ilipokosa jibu iliachwa chini kama nguo isiyotosha na nyingine ikachukuliwa. Sekunde ya ishirini ubishaji haukutoka tena kabatini bali ukutani, pande zote nne, na juu ya dari, na chini ya nyayo zao, na kati ya hodi na hodi ikaja sauti ya mwanamume ambayo Fundi hakuwa ameisikia kwa miaka kumi na tisa, ya chini, yenye kicheko kilichojificha, iliyosema Kitunguu, Kitunguu wangu, hodi, baridi huku, hutaki hata kuniitikia? Fundi akahisi jibu linampanda lenyewe kutoka tumboni, jibu la mtoto, na angelitoa kama Bibi Halo hakuwa amemziba mdomo kwa kiganja kigumu chenye harufu ya sabuni na kuukandamiza uso wake begani kwake.

Thelathini. Ko, ko, ko, na mara hii taratibu.

"Dada."

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, na haikuwa na mzaha ndani yake.

"Dada, hodi. Dada, Sajini ametoka, niko peke yangu, kuna damu, dada, kuna damu nyingi kitandani, mtoto hachezi, nakuomba, sema uko hapo, sema neno moja tu dada nisife peke yangu..." na nyuma yake alisikia chuma cha kitanda kikilia, kile kitanda chenye skrubu iliyolegea ambayo yeye mwenyewe aliikaza Jumapili kwa bisibisi yake, na akasikia pumzi ya mdogo wake inavyokatika katikati kama ilivyokuwa ikikatika tangu utotoni akilia, na hakuna shetani, alijiambia, hakuna jini duniani linaloweza kuijua pumzi ile, kwa hiyo lazima awe ni yeye, lazima kweli kuna damu. Akaanza kupigana na kile kiganja, akamkwaruza bibi wa watu, akamwuma, na Bibi Halo, ambaye alikuwa amelielekeza ukutani sikio lake la kushoto lisilosikia kitu, akayafumba macho yake na hakulegeza.

Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Sauti ikanyamaza katikati ya neno dada.

Upepo ukapita chumbani, kuelekea kwenye tundu, ukainua karatasi mezani na pindo la kitenge. Halafu ruta zikaamka zenyewe, zikabishiana hodi, zikaitikiana, na ramani ikajichora upya polepole, kwa uzito wake wa kumi na wa mia. Fundi hakungoja kuhesabu. Bibi Halo ndiye aliyehesabu, kwa kidole, na akazipata nane.

*

Fundi alikimbia ngazi zote bila kushika ukuta. Mdogo wake alikuwa ameketi kitandani, mzima, shuka nyeupe, hakuna hata tone. Sajini alikuwa mlangoni mwa wodi, anapokea ujumbe kutoka kwa muuguzi wa maabara.

"Umemuacha peke yake?" Fundi alisema, na alishangaa kusikia kwamba neno limetoka zima. Sauti yake ilikuwa imerudi.

"Hatua kumi, Fundi. Nusu dakika. Hapa namwona."

Mtoto alizaliwa jioni ileile, saa kumi na moja na robo, wa kike, na akalia kilio kilichowafanya wauguzi wa wodi ya pili wacheke. Presha ya mama ikaanza kushuka. Mpokezi alirudi kazini Ijumaa akiwa na maneno ya siku tatu ya kufidia. Mtandao ukarudi kujikokota, madaktari wakaanza tena kunung'unika, na Fundi aliposikia manung'uniko yao alijisikia kama mtu anayesikia mvua baada ya kiangazi.

Siku ya tatu mdogo wake alikuwa ananyonyesha, na Fundi amekaa pembeni anamenya chungwa.

"Dada, sijakushukuru," mdogo wake akasema. "Kwa ile siku. Simu zilipokatika niliogopa, uchungu ukanibana, nikadhani nakufa."

"Unanishukuru kwa lipi? Sikuwepo."

"Kwa kupokea simu."

Chungwa likasimama mkononi.

"Sajini aliniambia nisipokee," mdogo wake akaendelea, anamtazama mtoto. "Na sikupokea. Nilipiga mimi. Sajini aliponipa mgongo niliinua ile ya ukutani, hapa kando ya kitanda, nikasema dada, hodi. Ukasema karibu. Nilifurahi, maana asubuhi yake ulikuwa hata huwezi kusema, na hapo sauti yako ilikuwa imepona kabisa, nzuri kama zamani. Ukanituliza. Ukaniuliza mtoto ataitwa nani."

"Ukanijibu?"

"Sasa ningekuficha wewe? Sijamwambia hata baba yake. Wewe ni wa kwanza kujua."

Fundi hakumwambia siku hiyo. Alikwenda kwanza kwa Bibi Halo, aliyekuwa na bandeji kwenye kiganja. Bibi akasema jina lile lisitamkwe tena na mtu yeyote, mtoto apewe jingine, na wamwombe Mungu. Wakafanya hivyo. Mdogo wake alilia, akasema ni jina zuri, alilichagua tangu mimba ina miezi minne, lakini hakulitaja tena. Wala Fundi hakulijua kamwe. Duniani palikuwa na wawili tu waliolisikia, mama wa mtoto na yule aliyemuuliza.

Mtoto alikua vizuri. Alikaa mapema, akatambaa mapema, akawa na mashavu ambayo kila mgeni alitaka kuyafinya. Jambo dogo lililowasumbua ni kwamba alikuwa mgumu kuitika. Ungemwita jina lake mara tatu, nne, naye anaendelea na mchezo wake, mpaka umguse bega. Walimpeleka kupimwa masikio, na mpimaji akasema anasikia kuliko sisi sote.

Alipokuwa na mwaka mmoja na nusu, Jumapili moja saa nne asubuhi, dada wawili walikuwa wamekaa sebuleni wanakunja nguo. Madirisha yalikuwa wazi, redio imezimwa. Mtoto alikuwa sakafuni anapanga vifuniko vya sufuria, na hakuna aliyekuwa amemwita.

Akaacha kupanga. Akainua kichwa, akageukia ukuta mtupu kati ya kabati na mlango, uso umemchangamka kama wa mtoto aliyesikia sauti anayoijua siku zote, na kwa adabu, kwa uwazi ambao hawakuwahi kuusikia kinywani mwake, akasema:

"Abee."